Senti 25 za Wetherill Park, Dakika za Nairobi

Mwaka 1998 mkazi wa Wetherill Park, magharibi mwa Sydney, alilipa senti 25 za Australia kwa simu moja ya ndani ya mji. Azungumze dakika mbili au aiache laini wazi mpaka alfajiri, bei ni ileile. Siku hizohizo mtu wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala alilipia simu kwa muda: mita inahesabu, na kila inapohesabu pesa inaondoka. Wote wawili waliweza kuwa na kompyuta ya aina moja, mfumo endeshi uleule wa Linux na modemu ileile mezani. Hata hivyo intaneti waliyoipata ilikuwa vitu viwili tofauti, na chanzo kilikuwa bili ya simu.

Wetherill Park si mtaa wa matajiri. Uko katika halmashauri ya Fairfield, kilomita 30 na ushei kutoka katikati ya Sydney. Upande mmoja kuna maghala, viwanda na barabara pana za malori. Upande wa pili kuna nyumba za familia za wafanyakazi. Treni haifiki. Halmashauri hiyo imepokea watu wa Vietnam, Iraq, Italia, Amerika ya Kusini na kwingineko, wengi wao wakimbizi waliokuja kuanza upya. Kwa mwenye mama yake au kaka yake ng'ambo, intaneti haikuwa mchezo wa vijana. Simu ya kimataifa iliuma mfukoni. Barua pepe ilikwenda kwa bei ya kumpigia jirani.

Linux iliwafaa watu wa namna hiyo kwa sababu moja kubwa: ilikuwa bure. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na kufikia katikati ya muongo huo diski zake zilikuwa zikija zimebandikwa kwenye majarida ya kompyuta. Iliweza kufanya kazi kwenye mashine ya prosesa ya 486 ambayo ofisi imeshaichoka. Kilichobaki kilikuwa kuifikisha mashine hiyo kwenye intaneti, na hapo ndipo jasho lilipoanza.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa ukutani. Soketi za simu za zamani za Australia zilitaka plagi pana ya plastiki yenye pini bapa, na waya uliokuja na modemu ulikuwa na kichwa kidogo cha mraba kinachojulikana dunia nzima. Bila adapta, shughuli ilikomea hapo. Ikishapatikana, modemu ilichomekwa nyuma ya kompyuta kwenye mlango wa siriali. Mlango ambao watumiaji wa DOS na Windows waliuita COM1, Linux iliuita ttyS0, na wa pili ulikuwa ttyS1. Wengi walipoteza jioni nzima kwa kukosea tarakimu hiyo tu, maana hesabu ya Linux inaanzia sifuri.

Baada ya hapo mtu alifungua programu ya minicom na kuandika herufi mbili, A na T, kisha akabonyeza Enter. Modemu ikiwa hai, inajibu OK. Herufi hizo ni sehemu ya lugha iliyoletwa na modemu ya Hayes ya mwaka 1981, na kampuni nyingine nyingi zikaifuata. ATDT na namba maana yake ni piga kwa milio. ATDP ni piga kwa mapigo, kama simu ya kuzungusha, kwa mahali ambapo mitambo ilikuwa bado ya kizamani. Uzuri wa lugha hii ni kwamba mtu aliiona kazi ikifanyika. Hakukuwa na kitufe kilichoandikwa "unganisha" na kuficha mambo yote nyuma yake.

Kuna tatizo moja la Australia linalofaa kuelezwa kwa undani. Wateja wengi wa kampuni ya simu ya Telstra walikuwa na huduma ya kupokea ujumbe wa sauti. Ujumbe unapokuwa unasubiri, mlio unaosikika mtu anapoinua mkono wa simu haunyooki. Unakatikakatika ili kumjulisha mwenye nyumba. Masikio ya binadamu yanaelewa. Modemu haielewi: inangoja mlio ulionyooka, isipousikia inaandika NO DIALTONE na kukata. Basi mtu angekagua waya, angebadilisha soketi, angesakinisha upya kila kitu, wakati kosa ni shangazi aliyeacha salamu mchana. Dawa yake ilikuwa herufi moja na tarakimu moja: X3, zinazoiambia modemu isisubiri mlio, ipige tu. Na aliyekuwa na huduma ya kujulishwa simu ya pili inapoingia alipaswa kuizima kwanza kwa #43#, la sivyo kila aliyepiga alimkatia mwenzake intaneti.

Namba ya mtoa huduma wa intaneti mara nyingi ilianza na 0198. Ni kundi la namba lililotengwa kwa ajili ya data, ili mteja apige kutoka popote nchini kwa bei ya simu ya ndani. Kisha ukafuata ule mlio ambao waliouishi hawausahau: filimbi, mkwaruzo, kishindo kama cha mvua juu ya bati. Modemu mbili zilikuwa zinaipima laini, zinasikiliza mwangwi wake na kukubaliana kasi. Modemu za mwaka 1994 zilifika kilobiti 28.8 kwa sekunde. Kanuni ya V.90 ya mwaka 1998 ikaleta kilobiti 56 za kupokea, japo kutuma kulibaki 33.6. Kwenye vitongoji vya mbali vya Sydney wengi hawakuona hata 56 hiyo, kwa kuwa kampuni ya simu ilikuwa imegawanya jozi moja ya nyaya kwa nyumba zaidi ya moja, na kifaa kilichogawanya kiliivunja kasi.

Modemu zikishaelewana, simu imefika lakini intaneti bado. Hapo inaingia programu iitwayo pppd, na hii inastahili kuelezwa kidogo, kwa sababu ndiyo iliyobeba kazi nzima na watu wachache wanamjua mtunzaji wake. Asili yake ni Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani. Kwa miaka mingi mtu aliyeitunza, akaisahihisha na kuitoa bure kwa dunia ni Paul Mackerras, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Sydney. Kijana wa Wetherill Park aliyepata OK yake ya kwanza, na mhandisi wa Kampala aliyekuwa akiunganisha ofisi yake, wote walikuwa mikononi mwa programu iliyotunzwa kwenye mji mdogo wa serikali uliojaa miti na kangaruu.

Kazi ya pppd ni kuigeuza laini ya sauti kuwa njia ya pakiti za data. Inapatana na mashine ya upande wa pili juu ya anwani, inawasilisha jina la mtumiaji na neno la siri, kisha inaiambia kompyuta kuwa sasa barabara ya kwenda duniani inapita hapa. Maneno ya siri yalikaa kwenye faili lenye jina la wazi kabisa, pap-secrets, ambalo lilipaswa kufungwa lisisomwe na yeyote isipokuwa msimamizi wa mashine. Katika njia ya PAP neno la siri linapita kwenye waya kama lilivyo. Katika njia ya CHAP haliendi lenyewe: seva inatoa swali, kompyuta inajibu kwa hesabu ambayo mwenye neno la siri tu ndiye anayeweza kuifanya. Mtoa huduma akitaka moja na mtu akaandika nyingine, simu inapokelewa, sekunde chache kimya, halafu inakatwa bila maelezo. Hiyo ni senti 25 nyingine. Nairobi ilikuwa ni dakika nyingine.

Na hata mlango ukifunguka, kulikuwa na mtego wa mwisho: anwani za namba zinafikika, lakini majina hayafunguki. Sababu ilikuwa faili la resolv.conf ambalo halikuandikiwa seva ya majina. Mtu anaona taa za modemu zinawaka na kuzima, moja ya kutuma, nyingine ya kupokea, anajua yuko hewani, na bado ukurasa hauji. Wakanada wa kampuni ndogo ya Worldvisions waliyaonea huruma mateso haya wakaandika wvdial, programu iliyoitambua modemu na kubuni majibu yenyewe. Waliotumia mazingira ya KDE wakapata Kppp, yenye dirisha na vitufe. Kwa watu wa kawaida programu hizi mbili zilifanya zaidi ya vitabu vyote vya maelekezo.

Halafu kulikuwa na janga la Winmodem. Modemu ya kweli ina ubongo wake ndani: inapokea amri na kufanya hesabu za sauti yenyewe. Watengenezaji waligundua kwamba wakiutoa ubongo huo na kuuachia Windows kazi, bei inashuka. Kadi hizo zilijaa ndani ya kompyuta mpya. Mbele ya Linux zilikuwa kipande cha plastiki, mpaka watu wa kujitolea walipoanza kuziandikia draiva moja baada ya nyingine, mara nyingi bila msaada wowote wa kiwandani. Ushauri uliokuwa ukipeanwa Sydney na Dar es Salaam ulikuwa mmoja: nunua modemu ya nje, yenye taa na kebo ya siriali, hata kama imetumika. Ulikuwa ushauri mzuri, lakini ulimgharimu zaidi yule asiyekuwa nacho. Aliyenunua kitu cha bei nafuu dukani ndiye aliyefungiwa nje ya mfumo wa bure.

Sasa turudi kwenye mita ya simu. Ndani ya pppd kuna maelekezo mengi ambayo mtu anaweza kuyaandika kwenye faili lake. Mawili yanaeleza tofauti ya Australia na Afrika Mashariki vizuri kuliko ripoti ndefu. La kwanza ni persist: laini ikikatika, piga tena, usikubali kukaa nje. La pili ni idle, likifuatiwa na idadi ya sekunde: kukiwa kimya kwa muda huo, kata simu mwenyewe. Wetherill Park mtu aliandika la kwanza. Mtoa huduma wake huenda alikuwa na masharti yake, maana mwanzoni wengi nchini humo walitoza kwa saa, na baadaye walikata simu zilizokaa muda mrefu mno. Lakini upande wa simu hakukuwa na adhabu ya kubaki. Nairobi mtu mwenye akili timamu aliandika la pili, tena kwa sekunde chache.

Bei hiyo ya Australia haikuanguka kutoka mbinguni. Kampuni ya simu ingependa kutoza simu za ndani kwa muda kama nchi nyingine nyingi. Wananchi walipinga, wanasiasa wakaogopa kura zao, na haki ya simu ya ndani isiyopimwa ikaingia kwenye sheria za mawasiliano. Waliolipigania jambo hilo walikuwa wakifikiria bibi kizee anayezungumza na bintiye. Bila kukusudia walimfungulia mlango kijana mwenye modemu. Inafaa kulisema hili kwa sauti, maana historia ya intaneti hupenda kuwasifu wagunduzi na kuwasahau waliokaa kwenye kamati za bei.

Afrika Mashariki hali ilikuwa ngumu tangu kwenye laini yenyewe. Tanzania na Uganda miaka hiyo zilikuwa na chini ya laini moja ya simu kwa kila watu 100. Kupata laini kulikuwa ni kungoja, kufuatilia na kungoja tena. Aliyeipata alilipa kwa muda, na kabla watoa huduma hawajafungua vituo mikoani, aliyepiga kutoka mbali na mji mkuu alilipa bei ya masafa marefu. Kubaki hewani ukisoma taratibu ilikuwa anasa.

Basi watu walibuni njia nyingine, na ni kazi ya kujivunia. Mjini Nairobi, shirika la mazingira la ELCI liliendesha kituo cha barua pepe kwa mtandao wa FidoNet. Barua ziliandikwa kompyuta ikiwa nje ya laini, zikakusanywa, zikabanwa kuwa furushi dogo, kisha zikapita zote kwa simu moja fupi. London kulikuwa na kituo cha GreenNet, ambako Karen Banks aliendesha lango lililounganisha vituo vya Afrika na dunia. London ndiyo iliyokuwa ikiipigia Nairobi, kwa kuwa kupiga kutoka Uingereza kulikuwa nafuu kuliko kupiga kutoka Kenya. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na MUKLA, iliyoanzishwa na Charles Musisi mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyofanya kazi kwa namna hiyohiyo: kusanya, tuma, kata. Mwaka 1993 Kenya ilipopata kikoa chake cha .ke, Shem Ochuodho alikisimamia kwa upande wa Kenya na Randy Bush, Mmarekani wa Oregon, akashika upande wa ufundi.

Linux iliuelewa mwendo huu vizuri. Ilikuja na UUCP, utaratibu wa zamani wa Unix wa kupitisha barua na mafaili kutoka mashine moja hadi nyingine kwa simu fupi, na ilikuja na programu kamili za seva ya barua. Ofisi ya watu kumi mjini Dar es Salaam ingeweza kuweka mashine moja kuukuu pembeni, wafanyakazi wakatumiana barua siku nzima bila simu, na usiku mashine ikapiga mara moja kupeleka na kuleta. Kwa kipengele cha kerneli, yaani kiini cha Linux, kiitwacho masquerading, ambacho Mwaustralia Rusty Russell alikuja kukiboresha sana kupitia ipchains na iptables, kompyuta zote za ofisi ziliweza kupita nyuma ya modemu moja na anwani moja. Kampuni yenye pesa ilinunua kifaa maalumu kwa kazi hiyo. Shule na zahanati zilitumia 486.

Vijana watatu wa Kenya walioanzisha kampuni ya intaneti ya Africa Online mwaka 1994 wakiwa Boston, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walitoka kwenye maisha ya chuo ambako laini iko wazi muda wote. Huduma yao ilipofika Nairobi ilikutana na mita ya simu kama kila mtu.

Canberra nako uchungu wa laini nyembamba ulizaa kitu. Mwaka 1996 Mackerras huyohuyo na Andrew Tridgell, mwanzilishi wa programu ya Samba, walitoa rsync. Mtu akiwa na faili la jana na anataka la leo, rsync haileti faili zima. Inalinganisha vipande vya pande mbili kwa hesabu fupi na kuleta vilivyobadilika tu. Ilibuniwa kwa ajili ya njia zenye kasi ndogo na ucheleweshaji mkubwa, yaani modemu na setilaiti, hali ambayo Afrika Mashariki iliishi nayo mpaka kebo ya chini ya bahari ya SEACOM ilipowashwa Julai 2009. Hapa fundi wa Dar es Salaam na mtafiti wa Canberra walikuwa wakipigana na adui mmoja, ingawa mmoja alilipishwa zaidi kwa kila pambano.

Palikuwa pia na mahali ambapo Sydney na Nairobi zililingana kwa muda, ingawa si kwa bei: kupakua Linux yenyewe. Diski moja ya megabaiti 650, kwa kilobaiti tano kwa sekunde, inachukua takriban saa 36, iwapo laini haitakatika. Wetherill Park mtu angeweza kujaribu usiku baada ya usiku. Nairobi hesabu ilikataa kabla hata ya kuanza. Ndiyo maana diski za kupeana mkononi zilikuwa na thamani kubwa, na ndiyo maana Ubuntu, iliyotoka Oktoba 2004, ilipendwa haraka: kampuni ya Canonical ilimtumia CD bure kwa posta yeyote aliyeomba, na iliendelea hivyo mpaka mwaka 2011. Bahasha ilifika kwenye sanduku la posta bila kupita kwenye waya wa simu. Mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na watu wakaanza kuandika barua kwenye mashine inayowasemesha kwa lugha yao.

Modemu ya simu haikufa siku moja. Telstra ilianza kuuza intaneti ya kasi ya ADSL mwaka 2000, na ilifunga huduma yake ya intaneti ya kupiga simu Desemba 2015. Huko Marekani kampuni ya AOL ilingoja mpaka Septemba 2025. Afrika Mashariki wengi waliiruka ADSL wakaenda moja kwa moja kwenye simu za mkononi, na hapo pppd ikapata maisha ya pili. Modemu ndogo za USB za Huawei zilizojaa madukani baada ya mwaka 2008 zilikuwa, mbele ya Linux, modemu zilezile za zamani: zinajibu AT kwa OK, na badala ya namba ya mtoa huduma mtu anapiga *99#. Waliokuwa wamehifadhi faili la wvdial tangu enzi za waya walibadilisha mistari miwili mitatu wakawa hewani. Mita nayo ilihama pamoja nao, kutoka dakika kwenda megabaiti, na bando lenye tarehe ya kuisha likachukua nafasi ya mapigo ya simu.

Leo katika mitaa mingi ya Nairobi, kijana mwenye ngazi, mkanda wa kebo na ruta ya MikroTik anamwingiza mteja kwenye faiba kwa PPPoE, ambayo ni PPP, itifaki ileile ya pppd, iliyovishwa vazi la Ethernet mwaka 1999. Ruta yenyewe ndani inaendeshwa na kerneli ya Linux. Mteja anapewa jina la mtumiaji na neno la siri, ruta inajibu swali la CHAP, na malipo ya mwezi yakichelewa akaunti inafungwa kwenye seva hadi atakapolipa.